Dubu Asiyeshikwa Shingoni

Walimwita Mama Dubu, wala si kwa mapenzi. Alilisha dubu watatu katika bustani ya wanyama ya tajiri mmoja, na harufu yao ilimng'ang'ania hata akioga mara mbili. Dukani watu walimpisha wakiziba pua. Naye jibu analo: "Nuseni vizuri, huo ndio mshahara wangu."

Kazi alifundishwa na mumewe, aliyekuwa mkuu wa dubu, huko kwenye ujia wa saruji nyuma ya mabanda. Dubu wa kahawia, mwone nundu ile mabegani: yote ni misuli ya kuchimbia, akikupiga kofi moja huhitaji la pili. Dubu mweupe, chini ya manyoya ana ngozi nyeusi tii na mafuta tele ya kukabili barafu. Hapa kwenye joto, asipomwagiwa maji anachemka mzima mzima. Na huyu mdogo mweusi mwenye doa la njano kifuani, kucha zake zimepinda kama mundu, za kupandia miti na kupasulia magogo yenye asali.

"Lakini chunga ngozi yake ya shingo," mume alimwambia. "Imepwaya. Chui akimkamata hapo, anageuka humo humo ndani, kama mtoto ndani ya koti la baba yake, anamng'ata aliyemshika. Huyu hashikwi shingoni abadani."

Mume akafa. Cheo kikaenda kwa mdogo wake, maana tajiri alisema mwanamke hawezi kushika dubu. Loo, shemeji mtu alivaa viatu vya marehemu kabla havijapoa! Ujanani aliwahi kuinua watoto wa dubu wa kahawia kwa ngozi ya shingo, basi tangu hapo akajiona bingwa. Kubeba maji kulimchosha, akampunguzia dubu mweupe. Mama Dubu akawa anambebea kwa kificho, lakini joto halikungoja. Siku mnyama alipokutwa amekufa, ulimi nje, shemeji alisema ni uzee, akaenda kunywa chai.

Kisha tajiri akaja na lake. Wageni wanataka kupiga picha wamempakata yule mdogo, kwa hiyo kucha zing'olewe zote.

Mama Dubu alimfuata shemeji stoo. "Shemeji, nakuomba, kamwambie tajiri aache. Bila kucha huyu hapandi, hachimbi, hata kujikuna hawezi. Atakuwa gunia."

"Gunia halikwaruzi wageni," shemeji akacheka. "Ungemlilia kaka yangu hivi, shemeji, tungekuona mke wa maana."

Maneno hayo yalimchoma mpaka kwenye mfupa. Alichukua ndoo akaenda zake, na usiombe kujua alichokuwa anakitafuna moyoni.

Asubuhi iliyopangwa, daktari wa mifugo alipanga koleo zake juu ya meza. Kwanza sindano ya usingizi, na sindano haiingii mpaka mtu amshike mnyama. Shemeji alikunja mikono ya shati, akamsogelea mama wa watu na kumnong'oneza, tajiri asisikie: "Huyu nimshike wapi?"

Mama Dubu alijiambia kwamba shemeji aking'atwa kidogo, tajiri ataogopa kwa ajili ya wageni, na habari ya picha itakufa hapo hapo, mnyama abaki na kucha zake. Ndivyo alivyojiambia. Lakini tusidanganyane, alitamani pia kumsikia akilia.

"Shingoni, shemeji," alisema. "Kama wale wa kahawia."

Shemeji alikamata kweli kweli. Ngozi ikabaki mkononi mwake, mwenye ngozi akageuka ndani yake. Meno ya dubu huyo ni makubwa kuliko yanavyostahili mwili wake, na yalifunga kiganja chote. Ukelele ulifika getini. Walipomtoa shemeji bandani, vidole viwili vilibaki kwenye saruji. Na Mama Dubu, Mungu amsamehe, alicheka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, bwana.

Shemeji akakimbizwa hospitali. Tajiri hakugomba wala hakuogopa. Alisimama akiitazama ile damu jinsi mtu anavyotazama bomba linalovuja.

"Kumbe meno nayo ni tatizo," alisema. "Daktari, ng'oa meno, kisha kucha."

Mama Dubu akaacha kucheka.

"Atashikwa na nani?" daktari aliuliza. "Mimi simgusi."

"Asiposhikika, lete bunduki. Sifugi hasara hapa."

Daktari akaanza kufungasha koleo zake, na mlinzi wa getini akaitwa na bunduki yake.

"Mimi naweza kumshika," alisema Mama Dubu.

"Basi na cheo ni chako," tajiri alijibu, wala hakuona haya.

Akachukua ndoo ya chakula, akaingia bandani peke yake. Dubu alikuwa amejibanza kwenye kona, mdomo una damu, anatetemeka. Alipomwona na ndoo mkononi alinyanyuka kwa miguu ya nyuma, akaja, akachomeka kichwa kwapani mwake, mahali alipozoea kukunwa masikio. Mama Dubu akamkumbatia kichwa kwa mikono yote miwili, akambana kifuani. Akishikwa hivyo hana pa kugeukia, lakini hata hakujaribu. Alimlegezea mwili mzima.

"Kumbe mpole hivi!" daktari alishangaa, akiingia polepole na sindano mkononi.

"Dunga upesi," alisema Mama Dubu. "Kabla hajanijua."