Damu ya Namba Kumi na Saba

Nimejaribu mara nyingi kuitafutia hasira yangu mtu wa kuibeba, na kila mara inarudi kwangu.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nikisomea shahada ya uzamili, nikipima damu za watu waliopatwa na kiharusi. Swali letu lilikuwa hili: je, wenye upungufu wa vitamini fulani, ile inayopatikana katika mboga za majani na maini, ndio wanaopoteza kumbukumbu upesi zaidi? Chupa zilitoka kliniki zikiwa na namba tu. Orodha ya majina ilikuwa katika bahasha iliyofungwa, ndani ya kabati la msimamizi wangu, nami nisingeiona kabla ya kipimo cha mwisho. Mama yangu alikuwa miongoni mwa wagonjwa hao. Nililijua hilo, msimamizi alilijua, na tulikubaliana kwamba kutoijua namba yake kungetosha kunifanya mwadilifu.

Mama aliuza mboga sokoni Ruiru kwa miaka mingi. Angeweza kufumba macho, akashika jani na kukuambia ni terere au managu, na kama limelala. Mwenzake akikosea, soko zima lilisikia: "Hizo ni za jana!" Baada ya kiharusi, shangazi alihamia kwake Mugutha kumtunza, na mtaa mzima ukaleta ushauri. Nyama itapandisha presha. Mayai vilevile. Mboga zitamkwama kooni. Ikabaki chai, na uji mweupe uliochujwa mara mbili.

"Tata, mpe hata managu zilizopondwa," nilimwambia shangazi Jumamosi moja.

"Akikabwa, utamzika na hizo karatasi zako? Hiyo uji amemaliza yote. Angalia kikombe."

Nilikiangalia. Kilikuwa kitupu. Nikanyamaza, kwa kuwa sikuwa na data. Ndivyo nilivyofikiri, kwa maneno hayohayo.

Maabarani, namba kumi na saba ilikuwa chini kiasi kwamba nilirudia kipimo mara mbili. Nilifurahi. Acha niliandike wazi: nilifurahi, kwa sababu nukta ile, pweke pembeni mwa grafu, ilipendeza. Miezi ilipopita, alama zake za kumbukumbu zikashuka pia. Nikamwuliza msimamizi kama haifai daktari wa mtu huyo aarifiwe.

"Ukimtibu katikati, umeharibu utafiti," alisema. "Subiri."

Nikasubiri. Nilikuwa hodari wa kusubiri.

Bahasha ilipofunguliwa, nilisoma jina la mama mara tatu, kana kwamba kurudia kungebadilisha matokeo. Msimamizi alinisogezea kiti. "Kumbuka," alisema, "mtu mmoja si ushahidi." Ni kweli. Hakuna awezaye kuniambia kama maini na mboga zingeziokoa akili zake. Huenda kiharusi kilikuwa kimekwisha kufanya kazi yake. Sentensi hiyo niliiandika mwenyewe katika tasnifu. Ingali sahihi, na ninaichukia.

Nilinunua managu Ruiru, nikaenda Mugutha na kumfokea shangazi mpaka majirani wakatoka nje. Alinisikiliza hadi mwisho, kichujio cha uji mkononi.

"Kwani ulijua?" akauliza. "Wewe umesomea hii kitu, ukajua, ukaniacha nichuje uji mwaka mzima? Si ungesema tu, hata kama ni kwa kelele kama hizi?"

Nilimwekea mama zile mboga mapajani. Kwa mkono wake mmoja uliobaki mzima alianza kuchambua, jani huku, bua kule, upesi. Kisha akakunja uso.

"Za jana," alisema.

Nilipiga magoti mbele yake kabla sijafikiri lolote. "Mami, mimi ni nani?"

Alinitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mteja ambaye hatanunua, akarudi kwenye majani yake.