Daftari la Mwalimu Mkawasi

Nilikwenda Saudia kwa sababu ya sura moja ya ripoti iliyonishinda kuandika. Mimi ni ofisa wa mipango huku kwetu Taita, na nilikuwa nimepewa kazi ya kueleza kwa nini eneo lenye watu wengi waliosoma huyumba kila mvua inapokosekana. Sura ya ardhi niliimaliza, na ya barabara pia. Ile iliyohusu ujuzi wa watu wetu ilibaki kichwa cha habari tu. Ulipokuja mwaliko wa mkutano wa Riyadh kuhusu maendeleo ya mikoa, niliomba niende, nikitumaini kupata huko la kujaza kurasa zile.

Jumatano asubuhi nilipanda metro hadi mtaa wa Olaya, kwenye mkutano. Ukumbi ulikuwa na baridi kali, nikajifunika mtandio mabegani. Msemaji baada ya msemaji alisisitiza kwamba eneo linalojua watu wake wanaweza nini haliangushwi kirahisi na mwaka mmoja mbaya. Niliandika sana, ila nilizidi kujiuliza sisi tungeanzia wapi.

Adhuhuri nilitoka nje nimpigie mama simu. Nilipokata, mlinzi wa mlangoni alikuwa anacheka.

"Hicho Kitaita ni cha Mwatate kabisa, dada," alisema. "Sijakisikia tangu nije hapa."

Aliitwa Mwakio. Alikuwa na diploma ya uhandisi wa maji, na huu ulikuwa mwaka wake wa nne wa kulinda jengo lile. Nilipomtajia ofisi yangu, kicheko kilikoma.

"Niliwaandikia," alisema. "Ile pampu ya kisima kule tambarare inayokufa kila mwaka, shida yake si injini. Maji yana chumvi, yanakula mabomba ya chuma. Niliweka hata mchoro. Hakuna aliyenijibu."

Ningeweza kumwambia ofisi ni kubwa. Lakini kabati la barua za namna hiyo liko nyuma ya kiti changu, na ufunguo ninao mimi.

"Barua hizo huletwa kwangu," nikamwambia.

Alitoa simu yake. "Kama kweli unataka kujua watu wetu wanajua nini, nenda Jeddah kwa Mwalimu Mkawasi. Yeye anatujua sote." Akamtumia ujumbe papo hapo.

Ijumaa, baada ya swala, teksi ilinishusha Ghulail, mtaa mmoja wa Jeddah, mbele ya duka dogo la vitambaa la rafiki wa Mkawasi. Ndani kulikuwa na wanawake saba wameketi juu ya mikeka, wanakunywa chai ya maziwa. Mkawasi alifundisha hesabu huko nyumbani Taita kwa miaka kumi na mmoja. Sasa analea watoto wanne katika nyumba ya madam wake, na Ijumaa ndiyo siku yake ya kupumzika.

Alinionyesha daftari lenye jalada la buluu. Alilianza mwaka ambao mwenzao mmoja aliugua vibaya, wakahangaika kutafuta msaada, kumbe nyumba ya tatu kutoka pale kulikuwa na nesi wa Taita akipiga deki. Tangu siku hiyo yeye humuuliza kila mgeni swali moja: "Nyumbani ulikuwa unajua nini?" Nilifunua kurasa. Fundi umeme. Mfuga nyuki. Mama aliyesimamia kiwanda cha maziwa. Hiyo ndiyo sura yangu iliyokosekana, imeandikwa kwa kalamu ya risasi.

Nikatoa simu ili nipige picha. Alilifunga daftari.

"Hapana, dada yangu. Humu kuna watu ambao ikama zao, vibali vya kuishi hapa, hazijakaa sawa. Picha ikifika pasipofaa, wengine halas, wamekwisha."

"Naelewa," nikasema, ingawa moyo ulinishuka. Nilikuwa nimetoka mbali.

Alinitazama kama anayemsubiri mwanafunzi afikiri. "Waulize wenyewe," akasema. "Anayetaka atajiandika kwa mkono wake."

Alasiri nzima tuliwauliza, waliokuwepo na wengine kwa simu. Yule mfuga nyuki, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alikataa. "Mniandike ili iweje? Nilipokuwa huko hamkuniona." Nilimgeukia Mkawasi anisaidie. Aliendelea kumimina chai. Ikabidi nikiri kwamba ni kweli hatukumwona. Hakujiandika. Walijiandika tisa, wengine kwa ujumbe wa simu.

Jumamosi, nikielekea uwanja wa ndege, nilipita Balad, mji mkongwe wa Jeddah. Kwenye nyumba moja ya mawe ya matumbawe, fundi mwenye mvi alikuwa akiwaonyesha vijana jinsi ya kupanga mawe ukutani. Kila jiwe alilolilaza aliling'oa, akawaachia walilaze wao. Nilisimama hapo hadi dereva akapiga honi, "Yalla, madam!"

Jumatatu nilikuwa ofisini. Nilifungua kabati, nikasoma barua zote hadi saa ya chakula cha mchana ikapita. Ya Mwakio ilikuwa karibu na chini kabisa. Nikaipeleka kwa bosi wangu pamoja na yale majina tisa.

"Watu wazuri," alisema. "Watarudi lini?"

Kabla ya safari hata mimi ningeuliza hivyo. Nikamwambia kwamba walipokuwa hapa hatukuwahi kuwauliza lolote, na kwamba umaskini wetu ulianzia hapo, kabla hawajapanda ndege. Kuwauliza tunaweza hata leo. Akamwita mhandisi wa maji.

Tulitandaza mchoro mezani, nikapiga simu Riyadh.

"Mwakio, kwanza nataka kukuomba msamaha."

"Hilo lingoje, dada. Niko lindoni, nina dakika kumi. Huyo mhandisi yupo hapo? Mwambie anitajie kina cha kisima."

Mhandisi akavuta kiti karibu.