Mama Mkwe Mezani kwa Afisa

Miche arobaini na mitatu ilikuwa imelazwa juu ya magazeti, mizizi nje, kwenye meza ndefu ya kibaraza cha ofisi ya misitu. Shangazi Dorin alisimama hatua tatu kutoka mezani, mikono nyuma. Alikuwa ameshamwona Mama Mkwe, mche mkubwa kuliko yote. Nilijua kwa sababu alitazama kila mahali isipokuwa pale alipolala.

"Chagua iliyo yako," Afisa Hamdan akamwambia. "Lakini sikiliza, mama. Ukiweka upande wako hata mche mmoja uliong'olewa mlimani, kibali chako nakifuta leo hii, na kile chumba chako nakuja kukifungua mwenyewe."

Kwenye benchi la ukutani alikaa Rinus, binamu yake Shangazi, mikono ndani ya pingu. Akacheka. "Chukua yote, dada. Si yote ni ndugu?"

Bibi Sumok, mama yake Shangazi, tuliyemweka kwenye kiti karibu na mlango, akamjibu bila kugeuza shingo. "Wewe nawe ni ndugu, na tazama tulivyofaidika."

Chumba alichokitaja Afisa kilikuwa cha marehemu mume wa Shangazi. Zamani vyungu vya kima, ndivyo tunavyoiita mimea hii kwa ajili ya vile vikombe vyake vyenye vifuniko vinavyonasa wadudu, Shangazi alivipanda nje chini ya wavu. Wezi wakaruka ua mara mbili. Ndipo akavihamishia ndani: rafu tatu za chuma, taa ndefu nyeupe nane, plastiki kuzunguka ili unyevu usitoke, na pipa la maji ya mvua, maana ya bomba huviua polepole. Taa ziliwaka tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi kumi na mbili jioni, mvua inyeshe isinyeshe, hata Krismasi. Kila Jumapili kabla ya kanisa aligeuza kila trei robo mzunguko. Na kwa kuwa mdudu haingii mle, aliilisha mimea chembe za chakula cha samaki, moja moja, kwa kibano cha kung'olea nyusi.

"Mimi nilipojifungua," Bibi alikuwa akisema, "nani alinilisha kwa kibano?" Kwake yeye chungu cha kima kina kazi moja: kutiwa mchele na tui la nazi na kupikwa kwa mvuke siku ya sikukuu ya mavuno.

Wa kwanza katika chumba kile alikuwa Mama Mkwe. Shangazi alimpa jina hilo kwa sababu ukimsogeza tu, ananuna mwezi mzima. Miaka tisa iliyopita Shangazi alikuwa mpishi kwenye kambi ya wavunja mawe ya Kilima Sirung. Siku moja kabla ya baruti ya mwisho alipanda na kisu cha jikoni, akamchokoa kutoka kwenye ufa wa mwamba, akiwa hazidi kiganja. Kibali hakuwa nacho. Leo pale palipokuwa Kilima Sirung kuna bwawa la maji ya kijani.

Baadaye, alipoomba kibali cha kukuza mimea hii, aliandika kwenye fomu kwamba mimea yote imetokana na mbegu za rafiki yake wa Serian. Kweli ilikuwa nusu. Rafiki huyo alimletea chavua ya dume, imefungwa kwenye karatasi, na watoto wa Mama Mkwe wote waliota kwa mbegu mle mle chumbani. Mama Mkwe mwenyewe hakuwa na mbegu wala karatasi.

Rinus ndiye fundi umeme aliyefunga zile taa. Jumapili iliyopita, tukiwa kanisani, alikata kufuli akabeba watoto kumi na tisa pamoja na mama yao. Akawachanganya na mingine aliyoing'oa Kilima Tabai, ambako hairuhusiwi kuchuma hata jani. Alipokamatwa barabarani alisema yote imetoka chumbani kwa Shangazi.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Shangazi akisema Mama Mkwe ni wake, ataulizwa alikomtoa. Akimwacha, Mama Mkwe atapelekwa mlimani pamoja na ile ya Tabai, kwenye jua ambalo hajaliona kwa miaka tisa.

Shangazi akaanza. Miche michanga ya aina hii hufanana kama punje za mchele, na Rinus alikuwa amekata vyungu vingi ili miche yote itoshe sandukuni. Shangazi aliinua mche, akautazama kwa juu, akapitisha kidole gumba chini ya jani, akauweka kushoto. Mwingine kulia. Mwingine kushoto.

"Anapiga ramli!" Rinus akasema. "Dada, iulize na habari za mume atakayekuoa."

Afisa Hamdan akaangalia saa yake. "Mama, nitajuaje kwamba hubahatishi?"

"Hii ya kushoto majani yake yamejipanga sawa pande zote. Naigeuza kila Jumapili. Hii ya kulia imeegemea upande mmoja, ilikuwa inaning'inia ukutani kwa mwamba ikitafuta jua. Tazama na matundu ya viwavi."

"Majani yanaweza kusema lolote."

"Nipe mkasi."

Akachukua mche wa kulia uliobaki na chungu kimoja kikavu, akakipasua. Vikamwagika vichwa vya sisimizi na kombe la konokono dogo kuliko punje ya mtama. Akapasua kimoja cha kushoto. Humo mlikuwa na uji mzito wa kahawia.

"Nusa."

Afisa akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Samaki."

"Chakula cha samaki wa kufuga. Mlimani nani angeilisha miche chakula hicho?"

Afisa akapasua vingine vitatu mwenyewe, akachagua bila kumuuliza. Kila mara ilikuwa kama Shangazi alivyosema. Mwishowe kushoto palikuwa na kumi na tisa, kulia ishirini na mitatu. Katikati ya meza alibaki Mama Mkwe peke yake.

Rinus akainuka nusu. "Na yule bibi mkubwa je? Mbona humgusi, dada? Miaka tisa umemlisha kwa mkono wako. Mwambie Afisa ulikomtoa!"

Bibi Sumok akaacha kutafuna tambuu.

Ndipo Shangazi alipomtazama Mama Mkwe. Shina lilikuwa limejaa makovu ya majani ya zamani, na vyungu viwili vilikuwa vizima, vyekundu vyenye michirizi. Jani moja lilikuwa limekunjika chini ya shina. Mkono wa Shangazi ukanyanyuka kulinyoosha, ukaishia hewani.

"Si wangu," akasema.

"Si wako?"

"Muweke kulia."

Afisa akachukua mkasi, akakata chungu kimoja cha Mama Mkwe, akakipasua mbele ya uso wake. Nilikuwa nimesimama karibu na kona ya meza, na harufu ya samaki ikanifikia na mimi. Afisa hakurudisha kichwa nyuma safari hii. Alimtazama Shangazi kwa muda mrefu. Shangazi naye alitazama jani lililokunjika.

"Mkiwarudisha hao mlimani," akasema polepole, "yule mkubwa msimwache juani. Wavu mweusi, tabaka mbili, mwezi wa kwanza. Halafu moja. La sivyo ataungua."

"Mmea wa mlimani unaogopa jua?"

"Huyu anaogopa."

Afisa akakipeleka kile chungu nje ya ukingo wa kibaraza, akakikung'utia majanini.

"Sisimizi," akasema, akaandika.

"Sisimizi gani!" Rinus akapiga kelele. "Nusa vizuri, bwana!"

"Kaa chini."

Tulirudi na kumi na tisa. Shangazi aliwapanda siku hiyo hiyo, akanunua kufuli jingine, akawasha taa. Kwenye rafu ya juu ilibaki duara ya unyevu pale chombo cha Mama Mkwe kilipokuwa, na hakuweka kitu juu yake. Bibi alimletea wali kwenye bakuli, akausukuma mlangoni bila mzaha wowote.

Wiki tatu simu haikulia. Ilipolia ilikuwa Jumatano mchana, Shangazi ameshika kibano.

"Mama, hapa Hamdan, niko Kilima Tabai. Yule mkubwa ameangusha majani manne."

Shangazi akafumba macho. "Na la katikati? Lile jipya?"

"Limesimama."

"Ukingo wake una wekundu?" Jani likianza kulizoea jua, ukingo huwa mwekundu. Likishindwa, hugeuka kahawia.

"Kwa hapa sioni. Ngoja nipande."

Tulisikia mawe yakiporomoka chini ya viatu vyake, na pumzi yake. Chembe ya chakula ikaanguka kutoka kwenye kibano. Shangazi hakuiokota.

"Mwekundu," simu ikasema.

"Haya," Shangazi akajibu. Akaweka simu juu ya pipa, akaanza kugeuza trei, moja baada ya nyingine, ingawa haikuwa Jumapili.