Mzee wa Pampu Namba Mbili

Mikono ya mzee wa pampu namba mbili ilinukia petroli hata akitoka kuoga, na hakumjazia mtu mafuta kabla ya kumuuliza hali za watoto wake, mmoja mmoja kwa jina. Siku hizi wengi huchaji magari yao nyumbani wakiwa wamelala, naye hushinda akifuta pampu isiyo na vumbi. Jana mwalimu, mteja wake wa miaka mingi, aliingia na gari jipya la umeme. Mzee akalipapasa ubavuni akitafuta kifuniko cha tangi.

“Mwalimu, nijaze wapi?”

“Halina tangi, baba. Nimepita kukusalimu tu.”

“Basi zima gari tuongee.”

“Limeshazimwa.”

Wakacheka, wakaongea wee, na nyuma yao halikuwepo gari hata moja la kuwapigia honi.