Kidonge Cheupe na Kahawa ya Shangazi

Leo nimempigia mfamasia simu kumwambia ananiua.

Vidonge vyangu vya wasiwasi huwa nanunua Bukoba mjini, ni vya pinki. Leo niko Kagoma kwa shangazi, vimeisha, mfamasia wa duka la hapa akanipa vyeupe.

"Dada, dawa ni ileile, nguvu ileile. Kiwanda tu ndiyo tofauti."

(Mtu mwenye wasiwasi usimwambie "kiwanda tofauti" halafu ukamwacha aende zake.)

Nikameza. Nikakaa barazani na kisahani cha amwani, kahawa yetu ya kutafuna, nausikilizia mwili.

Haikupita saa, moyo unaunguruma kama bodaboda inayopanda mlima. Nikashika kifua. Shangazi akaniona, akaniongezea kisahani cha pili.

"Tafuna mwanangu, utulie."

Nikapiga simu. "Kaka, hiki cheupe kinanimaliza!"

Akasikia natafuna. Kisha: "Dada, unatafuna nini?"

"Kahawa."

"Tangu saa ngapi?"

Nikaangalia chini. Maganda yamejaa miguuni.

Akaniambia niache kahawa, nisiache dawa kwa sababu ya rangi, na moyo usipotulia niende hospitali.

Sawa. Nimeelewa.

Lakini shangazi ndiyo huyo anatoka jikoni na kisahani cha tatu, na nyie Wahaya wenzangu mnajua amwani ya mwenye nyumba haikataliwi.

Namwambiaje? Jibuni haraka, ameshafika mlangoni.