Mbwa Juu ya Paa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, baba yangu mkubwa alitangaza kwamba mbwa wetu atamuua baba. Alitangaza asubuhi, mswaki wa mti ukiwa bado mdomoni, na watu wakamwamini kwa sababu alikuwa balozi wa nyumba kumi na alikuwa na redio.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Bunda. Nyumba zilipangwa kwa kamba, mstari mmoja ulionyooka, na aliyeshika kamba ni yeye baba mkubwa. Kamba ilipofika kwenye jabali, mtu mwenye akili angesogea hatua kumi. Yeye alisema mstari ni mstari. Kwa hiyo nyumba yetu ikajengwa imeegemea jiwe, na ukipanda jiwe hilo kwa nyuma unaingia juu ya nyasi za paa bila hata kuruka.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akirudi kila Jumamosi kwa baiskeli. Mama alibaki na watoto saba, shamba, kuku, paka mwizi asiye na jina, na mbwa jike aliyeitwa Semeni. Kwetu mbwa hupewa jina ili majirani wasikie. Kila jioni mama aliita, "Semeni, Semeni," na mstari mzima ulijua nani anaambiwa. Baba mkubwa alijua zaidi, maana ndiye aliyezoea kusema kwamba mama ana kiburi.

Siku hiyo mama alikuwa ameanika dagaa wa Mugango juu ya jiwe. Paka akaiba, akakimbilia paani. Semeni, kiumbe pekee pale nyumbani aliyefanya kazi yake bila kusukumwa, akamfuata. Akasimama juu kabisa, ulimi nje, kijiji kizima kikimwona. Paka hakuna aliyemsema. Paka anaruhusiwa paani. Mbwa akipanda, mwenye nyumba anakufa. Aliyepanga hivyo simjui, ila hakujisumbua sana kufikiri.

"Mama Wakuru," baba mkubwa alisema, "unajua mbwa akipandaga nyumba inakuwaje. Auawe leo, jua halijazama. Ndugu yangu hawezi kufa kwa ajili ya mbwa."

Mama alikuwa ameinama akiokota dagaa waliomwagika. "Shemeji, nyumba mliiweka kwenye jiwe nyie wenyewe. Mbwa amefuata jiwe."

"Haya. Mume wako akifa, utawaambia ukoo hivyo hivyo."

Mama akarudi kuokota dagaa wake. Simlaumu. Mwanamke akishatajiwa ujane mbele ya watu, afanye nini?

Na huyu ndiye mtu aliyekuwa akisimama mkutanoni kutuhimiza tuache mambo ya kizamani na tuchemshe maji ya kunywa. Akaleta wanaume wawili na marungu. Semeni akawangurumia kutoka juu ya jiwe, nao wakarudi nyuma wote watatu. Walizunguka jiwe lile karibu saa nzima, kila mmoja akimpisha mwenzake atangulie.

Mwishowe baba mkubwa akachuchumaa mbele yangu. Sauti ilikuwa asali tupu.

"Wakuru, mwanangu, wewe anakusikiaga. Unampenda baba yako?"

"Nampenda."

"Basi mwite."

Nikamwita. Akashuka mbio huku mkia ukicheza, akanilamba mkono. Wakamfunga kamba shingoni wakampeleka ng'ambo ya korongo. Jioni mama hakuita mtu.

Baba alirudi Jumamosi, akaelezwa, akatazama paa. "Alikuwa mbwa mzuri," alisema, kisha akaomba maji ya kuoga. Aliishi mpaka akaona wajukuu. Na kila alipopona homa, baba mkubwa alikuja kujisifu: "Mnaona? Tungemwacha yule mbwa..." Hapo ndipo ninapomdharau kuliko pote. Baba angekufa, tungeambiwa tulichelewa. Hakufa, basi tuliokolewa. Imani ya namna hiyo haishindwi, na mwenye kuihubiri hahitaji akili, anahitaji sauti tu.

Nimewasimulia wanangu kisa hiki mara nyingi. Wanacheka sana nikifika kwa wale wanaume watatu na marungu yao. Huwa nawaambia mbwa alishuka mwenyewe.

Ukweli ni kwamba Semeni hakupanda paa siku ile tu. Alipanda karibu kila asubuhi, mama akiwa shambani, akajilaza kwenye nyasi kuota jua. Nilimwona mimi, miezi mingi, na kila Jumamosi baba alirudi mzima na baiskeli yake. Nilijua kwamba baba mkubwa anasema upuuzi. Sentensi moja ingetosha. Lakini balozi alikuwa ameniita mwanangu mbele ya watu, nami nilitaka waone jinsi nilivyo mtoto mzuri.