Kioo cha Kabati la Vyombo

Mume wangu alikuwa seremala, nami nilimpenda kabla sijamwona akishika randa. Hilo nalisema mapema kwa sababu watu wa kwetu Mkotokuyana walieneza kwamba nilifuata samani. Samani gani, jamani? Siku aliyokuja kuniposa alikuwa na sanduku la vyombo vya kazi na baiskeli isiyo na breki, basi.

Kwao ni Chinongwe, upande wa Ruangwa. Alikuja Nachingwea kufanya kazi kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, akanioa, akajenga nyumba karibu na ya mama yangu, maana kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa kina mkewe. Na kuanzia siku ya ndoa, yeye na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani. Mama akija kwangu na mkwewe yupo, anamgeuzia mgongo na kuzungumza na mimi: mwambie mumeo paa linavuja. Mume wangu yuko hatua tatu tu, kasikia kila kitu, lakini ananisubiri nimwambie. Nami namwambia. Vijana wanacheka nikiwasimulia, lakini hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na kwa heshima mama yangu alikuwa hana mzaha hata kidogo.

Tena hakumwamini. Mashamba yale yalipoanza kufa, wanaume wengi waliokuja na kazi waliondoka na kazi, wakaacha wanawake na mimba zao. Mama aliwajua wote, na watoto waliowaacha pia. Mume wangu alipobaki, mama alisema bado hajapata lori la kuondokea tu.

Wazungu walipokuwa wanafungasha, mume wangu ndiye aliyewapigia makasha. Bibi mmoja wa Kizungu alikuwa na kabati la vyombo la chumba cha kulia, alilorithi kwa bibi yake, lililokuja kwa meli kutoka kwao. Safari ya kurudi halikuwa na nafasi. Akampa mume wangu, kwa sababu alimwona kila siku analipapasa na kulichungulia chini kama daktari. Siku hiyo mume wangu alirudi nyumbani anaimba, na sauti yake ni mbaya.

Mlango wetu haukulipokea. Ilibidi abomoe ukuta wa udongo aliokandika kwa mikono yake mwenyewe, aliingize, kisha akandike upya. Lilikuwa la mti mweusi mweusi wenye kung'aa, miguu imechongwa, na droo zimeshikana kwenye pembe bila msumari hata mmoja. Droo ya juu ilitandikwa kitambaa cha kijani na kugawanywa vyumba vidogo vya visu na uma. Sisi uma hatukuwa nao, nikatia mbegu za maboga. Na kwa juu, kwenye mgongo wa kabati, palikuwa na kioo kipana kuliko dirisha letu. Watu walitoka hata Ruangwa kuja kujitazama. Nilivimba kichwa, sifichi.

Sasa, siku moja mama alikuja kunisagia karanga, mimi nina mimba ya miezi saba. Mume wangu akaingia kwa mlango wa nyuma bila kujua. Mama akasikia hatua zake, akafanya kama anavyofanya mwanamke mwenye adabu: akajifunika kanga upesi, akamgeuzia mgongo, akainua uso. Mbele yake kuna kabati. Ndani ya kioo kuna mkwewe, macho kayatoa, anamtazama.

Walitazamana hivyo, kila mmoja kaganda. Bakuli likamponyoka mama. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Mama hakucheka. Alitoka nje, na alipofika uani akahamia Kimwera, lugha yake ya hasira. Alisema amevuliwa nguo nyumbani kwa mwanawe, na mwanawe kamcheka. Hatakanyaga tena nyumba ile mpaka kioo kile kitoke ndani.

Nilidhani ni hasira za siku mbili. Wiki zikapita. Mama ndiye aliyezalisha wanawake wote wa pale, na mimi tangu utotoni nilijua kwamba siku yangu ikifika mikono yake ndiyo itakayompokea mtoto. Sikutaka mikono mingine. Nilimwomba mume wangu akitoe kioo. Akakataa. Alisema fundi aliyelitengeneza kabati lile alikufa zamani, na ukiifungua kazi ya mtu wa aina ile huirudishi ilivyokuwa. Nikamwomba walau akifunike. Tukakifunika kaniki. Nikamtumia mama habari, akajibu kwamba kioo kilichofunikwa ni kioo. Wote wawili vichwa vigumu, na mimi katikati na tumbo langu. Niliogopa sana, nikawachukia wote kwa zamu.

Uchungu ulinishika asubuhi, wakati wa kuvuna ufuta. Kijiji kizima kilikuwa mashambani. Aliyebaki ni jirani yetu mmoja, bibi mwenye mguu mbovu, akaja kukaa nami. Nikamwambia mume wangu amwite mama. Akasema atamwitaje, naye haruhusiwi hata kumsogelea? Nikamwambia nitakufa, na nikifa aoe kabati.

 Akachukua bisibisi.

Nilikuwa nimelala mkekani, nikamsikia anahema na kuvuta skrubu moja moja. Mti ukalia. Akatoka na kioo mikononi, akaenda nacho mbio hadi shamba la mama.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na wote wawili, na kwa hili hawakupishana. Alipomwona mama kwa mbali akiinamia ufuta, aligeuka akampa mgongo, kama inavyotakiwa. Akarudi kinyumenyume, kioo amekiinua mbele ya uso wake, ili aone anakokwenda. Wanawake waliokuwa shambani waliacha miundu. Mama akainuka, akaona mgongo wa mkwewe na, juu ya bega lake, uso wake kwenye kioo.

"Mama," akasema, akimwangalia humo humo, "kioo nimekitoa. Tafadhali njoo, mwanao ana uchungu."

Hakupitisha neno kwa mtu. Alimwambia mwenyewe, kwa mdomo wake. Mama alimtazama kwenye kioo muda ambao mume wangu anasema ulikuwa mrefu kuliko ndoa yetu yote mpaka siku ile. Kisha akatupa mundu na kukimbia.

Alikuwa mtu mzima lakini alikimbia, kanga mkononi. Mume wangu naye alitaka kukimbia, ila mkwe hampiti mama mkwe njiani. Basi akabaki nyuma, anajikokota na kioo chake, anasimama mama akisimama kupumua, anaficha uso mama akigeuka. Alikuwa bado kwenye mihogo ya jirani aliposikia vigelegele. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa naye yuko njiani, amekumbatia kioo.

Mama alimwosha mtoto, akamfunga, akaniwekea kifuani. Nikamwomba radhi kwa kicheko kile.  Alikaa mbele ya kabati lililobaki uchi mgongoni, lina matundu ya skrubu tu, akalitazama. Mlangoni tulisikia hatua za mume wangu, zikakoma nje.

"Mwambie mumeo," mama akasema, kwa sauti ya kutosha kufika nje, "kioo chake akirudishe mahali pake. Na lori nimeacha kulingoja."

Nikamuuliza imekuwaje.

"Mgongo wa mtu hausemi kitu," akasema. "Leo nimemwona usoni. Alikuwa analia."

Nje, mume wangu akakohoa. Kwa mara ya pili siku ile akamjibu mwenyewe, bila kunipitia: akasema lilikuwa jasho.